Kutwanga Kinu Kitupu

Nilipokuwa mtoto kule Junda, kinu chetu kikishamaliza kazi kililazwa ubavu, mdomo ukaelekezwa ukutani, na michi ikaegemezwa mbali nacho. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyetaka hivyo. Alisema binti akitwanga kinu kitupu humtwanga mamake kifua. Wala hakusema kwa kututisha. Alisema vile vile alivyosema kwamba chungu cha motoni huunguza. Na kwa kuwa kifua cha mama yangu kilikuwa kibovu tangu nimjue, kinu kile nilikipita kwa adabu.

Kisha nikavunja ungo. Shule ikaishia hapo, na kukimbizana na wenzangu mpaka ufuoni nako kukaishia hapo. Nikatiwa ndani kama mabinti wengi wa nyumba zetu wakati ule, ningoje kuposwa. Wajukuu huniuliza tulivumilia vipi. Mimi sikuvumilia. Niliuzunguka ua mpaka Bibi akalalamika kwamba nawakondesha kuku wake. Nikikaa, miguu inawasha. Nikisimama, sina pa kwenda.

Nyuma ya ukuta wa makuti kaka yangu Swaleh na wenzake walikuwa na chuma chao, mhimili wa lori bovu, na kila upande debe lililojazwa saruji. Ilisemwa kwamba bandarini vibarua huchaguliwa kwa kutazamwa vifua, na kwamba uhuru ukija kazi zitakuwa tele, basi vijana wa mtaa mzima walikuwa wakivimbisha mikono. Niliwachungulia penye upenyo. Waliinua kwa pupa, wakapiga makelele, wakaangusha, wakacheka. Niliwaonea wivu, nasema bila haya. Nilitaka na mimi nichoke kwa kitu nilichokichagua mwenyewe.

Uani hapakuwa na cha kuinua ila michi. Ule mdogo, wa mama, niliudharau. Nikauchukua mkubwa, wa Bibi, uliokuwa karibu urefu wangu. Watu wazima walipojinyoosha baada ya adhuhuri, niliuinua juu ya kichwa, nikaushusha, nikauinua tena. Baadaye nikaona kuinua hewani hakuna raha, nikakisimamisha kinu. Nilitwanga huku nikiuzuia mchi kabla haujagusa chini, nikajiambia kwamba huko si kutwanga. Kila siku niliongeza. Sikupumzika hata Ijumaa, na bega la kulia lilipoanza kuuma nilifurahi, maana nilishamsikia Swaleh akiwaambia wenzake kwamba maumivu ndiyo nguvu inaingia.

Mchana mmoja nikajaribu kwa mkono mmoja. Bega likalegea, mchi ukaniponyoka ukaangukia ndani ya kinu kitupu, ndu! Kuku wakaruka. Mlango wa chumba ukafunguka na mama akasimama kizingitini, kiganja kifuani, anakohoa, hawezi kusema.

Pumu ilimshika siku ile vibaya kuliko nilivyowahi kuiona. Alikalishwa kitandani na mito mgongoni. Swaleh alitumwa dawa, Bibi akawa anamsugua mgongo, na mimi nikapewa ungo wa mchele nichague ili nisiwe njiani. Kupitia ukutani niliisikia pumzi yake ikipiga mluzi. Kila ilipokatika niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Mchele ule niliuchagua na kuuchagua, na sijui kama niliuona. Nilikuwa na hakika kwamba nimemuua mama yangu.

Kesho yake asubuhi Bibi alinikuta na ungo ule ule.

"Mishi!"

"Abee, Bibi."

"Wachagua mchele kwa kushoto tangu lini? Inua mkono wa kulia nikuone."

Nilijaribu. Haukufika hata begani. Hapo machozi yakanitoka na maneno yakafuata. "Nimemtwanga mama. Nimetwanga kinu kitupu, Bibi. Wallahi sikukusudia."

Nikangoja kofi. Bibi akanitazama, akautazama mkono, kisha akaugeukia mlango wa chumba.

"Wamsikia mwanao?" akasema kwa sauti. "Hebu mwambie wewe ulivyonitwanga mimi."

Ndani mama akacheka, kicheko chembamba kilichokatizwa na kikohozi. "Mama, mwache mtoto."

"Simwachi. Nilipomtia ndani huyu mamako," Bibi akaniambia, "kila nikijilaza nasikia ndu, ndu. Nikasema, leo ataniua. Mbona nipo?"

"Basi mbona watukataza?"

"Nilikatazwa na mamangu. Naye huyo mamangu bega lilimtoka kama wewe. Ukitwanga mahindi, yakilainika waacha. Patupu utajuaje pa kuachia?"

Alinikanda bega kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akaniapisha nisiguse mchi mpaka niweze kujichana nywele mwenyewe. Mama alipopata nafuu alitoka uani, akaninyooshea mchi ule mdogo niliokuwa nimeudharau, akatia kinuni konzi moja ya mahindi.

"Tanua miguu. Magoti usiyakaze. Mgongo usiupinde, wataka kibiongo? Mchi ukishuka, toa pumzi."

Nikatwanga. Akanisimamisha, akanirekebisha kiuno, nikatwanga tena. Nilitaka kwenda mbio, naye akanikataza.

"Ukichoka, badilisha mkono. Ukiumia, acha. Kuchoka na kuumia ni vitu viwili. Na Ijumaa upumzike."

Yeye aliyepungukiwa pumzi ndiye aliyenifundisha kupumua. Nyuma ya makuti Swaleh alikuwa akitembea ameshika kiuno, na hakuna aliyemfundisha kitu. Mchi wa Bibi sikuugusa tena mpaka mikono yangu ilipokuwa tayari, na kufikia hapo mtaa wote ulikuwa ukishona bendera za uhuru na mimi nilikuwa nimeshaposwa.

Je, nilimdhuru mama? Mchana nasema hapana, pumu ilikuwa yake na ingekuja tu. Lakini kinu changu bado nakilaza ubavu, na binti yangu hunicheka. Nimeshazoea kuchekwa. Nadhani wanawake wale watatu, mama, Bibi na mamake Bibi, walijua kwamba binti aliyefungiwa atatafuta kitu cha kupiga, na kwa kuwa hawakuweza kumfungulia mlango, walimtilia konzi ya mahindi. Nimewashukuru kwa hilo, na bado nimewakasirikia kwa ule mlango. Yote mawili ni kweli, na sitaki kuyapatanisha.

Mama aliishi mpaka uzee wake ukamlaza kitandani. Wajukuu wenye vifua vipana walikuwa wakimvuta makwapa na yeye akipiga ukelele, hivyo kazi ya kumwinua ikawa yangu. Natanua miguu, nalegeza magoti, nanyoosha mgongo. Asubuhi moja katika zile za mwisho alinizungushia mikono shingoni, nami kwa wasiwasi nikajikaza nisimwangushe.

"Toa pumzi, Mishi," akaninong'oneza.

Nikatoa, akainuka. Alikuwa mwepesi kuliko mchi wa Bibi. Nilitamani sana awe mzito, kwa kuwa nguvu nilikuwa nazo.