Mashine Iliyofunikwa Shuka

Saa tatu asubuhi, Mama Karatasi ameketi mbele ya mashine. Mgongo umenyooka, gauni limepigwa pasi, miguuni amevaa viatu vya kutokea. Anaingiza karatasi ya kaki, anakanyaga pedali, mkono wa chuma unashuka, na karatasi inatoka upande wa pili ikiwa imekunjwa sawasawa. Anainuka, anazunguka meza hadi kwenye kopo la gundi, anapaka, anabandika kitako cha mfuko, anarudi kukaa. Kisha anaanza tena.

"Mashine nzuri sana," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Chumba ni kisafi kiasi cha kumtia mgeni wasiwasi. Sakafuni hakuna hata kipande kimoja cha karatasi. Nyuma ya pazia mtu anachemsha chai, lakini haonekani, na chai inapoiva ni Mama Karatasi mwenyewe anayeifuata. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekuja kutafuta habari njema, kwa hiyo hayo yote aliyaona na kuyapita.

Habari njema yenyewe ilikuwa hii. Mama Karatasi, mama wa watoto wanne, anaishi kwa kutengeneza mifuko ya karatasi na kuiuza madukani. Kazi hiyo aliianza mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Miaka miwili iliyopita wataalamu wa chuo kikuu kilicho juu ya kilima, ng'ambo ya barabara kuu, walishuka mtaani kutafuta kazi za mikono zinazoweza kusaidiwa na utafiti. Wakamkuta yeye. Wakampiga picha, wakampima urefu wa mkono, wakapima na urefu wa kiti, wakarudi karakana, na baadaye wakaja na mashine.

Ripoti ya chuo inasema kabla ya mashine mama huyu alikuwa akikunja mifuko kama mia moja kwa siku, na sasa anafikisha mia tatu. Tija imepanda mara tatu. Mwandishi alishukuru, akaaga, na njiani akawa tayari amepata kichwa cha habari.

Shida ni kwamba alisahau miwani yake juu ya ile meza.

Kesho yake alirudi. Hakupiga simu kwanza, kwa sababu bila miwani hakuweza kuisoma namba. Alipiga hodi, akaitikiwa karibu, akasukuma mlango, na kwa muda akadhani amekosea nyumba.

Mashine ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka la maua. Meza haikuwepo, viti navyo havikuwepo. Sakafuni kulikuwa na mkeka, na juu yake wanawake wawili wamekaa wakitazamana, miguu imenyooshwa, nyayo zimegusana. Mama Karatasi, akiwa peku na kitambaa kimefungwa ovyo kichwani, alikuwa anakunja karatasi huku mwenzake ameibana ncha yake kwa kidole gumba cha mguu. Karatasi ikishakunjwa inasukumwa upande wa pili, mwenzake anapaka gundi kutoka kwenye bakuli lililo katikati yao, anabandika kitako, anautupa mfuko nyuma ya mgongo bila kugeuka. Walikuwa wanasengenya mtu. Mikono haikusimama hata mara moja, mpaka walipomwona aliyeingia.

"Ee Mungu wangu," alisema Mama Karatasi taratibu. "Ni yule wa gazeti."

Yule wa pili ni wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Anaishi mlango wa tatu na watoto watatu, na mifuko ndiyo kazi yake pekee. Wameifanya pamoja tangu siku ya kwanza. Kwa mkeka, bakuli na miguu yao, hufikisha mifuko mia nane kwa siku, na wakiwa na umbea mzuri huzidi hapo.

Mwandishi aliomba aelezwe polepole.

"Sasa wewe niambie," alisema Mama Karatasi. "Wanakuja watu wa chuo kikuu, na kamera, na kompyuta. Utawakalisha kwenye mkeka uwanyooshee nyayo? Nilikwenda kwa jirani, yule mshonaji, nikaazima meza na viti. Nikavaa. Wakaniambia, 'Mama, fanya kazi kama kawaida.' Nikafanya hapo mezani. Sijawahi kukunja mfuko mezani maishani mwangu. Jasho lilinitoka."

"Mimi nilikuwa na nguo ya kupikia na kichwa hakijasukwa," alidakia wifi yake. "Nikakimbilia chumba cha nyuma. Nilidhani watakaa kidogo waondoke. Walikaa mpaka njaa ikaniuma."

Basi wataalamu wakapima walichokiona: mwanamke mmoja, kiti kimoja, meza moja, kasi ya konokono. Wakaondoka kwa huruma wakaenda kumtengenezea mashine ya kumfaa mtu huyo. Kila walipotaka kurudi walipiga simu kwanza, kwa adabu, na kila walipopiga simu meza iliazimwa, mkeka ulikunjwa, na wifi akaingia nyuma ya pazia.

"Chai yote aliyokunywa yule mwalimu wa chuo mwenye mashine nimeipika mimi," alisema wifi. "Hajui kama nipo duniani."

Walicheka, kisha kicheko kikakatika. Alhamisi ya wiki hiyo Mama Karatasi alitakiwa chuoni, mbele ya kamati itakayoamua kama mashine arobaini zitengenezwe na kugawiwa wanawake wa mtaa. Mashine moja, mtu mmoja, na wifi hayumo kwenye orodha. Wenye maduka walikuwa wamekubaliana na mradi kwamba mashine zikishagawiwa watapokea mifuko iliyokunjwa kwa mashine tu, ili yote ifanane. Mama Karatasi akisema mashine inamfaa, wifi yake hana kazi. Akisema haimfai, itabidi aeleze kwa nini aliigiza kwa miaka miwili.

"Na yule mwalimu kijana ni mtu mwema," alisema. "Nilipougua alinipeleka hospitali kwa gari la chuo. Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa namdanganya? Sikumdanganya. Nilimkaribisha. Au nilimdanganya? Hebu nisaidie wewe uliyesoma."

Mwandishi alichukua miwani yake akaondoka akiwa amevurugikiwa kuliko alivyokuja.

Mhadhiri mwenyewe, aliyeiunda mashine, yuko katika karakana ya uhandisi, chumba kirefu chenye harufu ya grisi na rangi mbichi. Ni kijana mrefu, mikono imejaa alama za kuungua, na anaongea haraka kama mtu anayeogopa umeme kukatika.

"Chuo kikikaa kuandika tu, uchumi hautatungoja," alisema. "Utafiti lazima utoke getini. Mtu wa mtaani aamke asubuhi aone kuna kitu chuo kimemfanyia."

Alipoulizwa kama kuna jambo lolote linalomsumbua kuhusu mashine ile, alikuna kichwa.

"Kuna kitu sikielewi. Mashine ina kihesabio. Inaniambia mia tatu kwa siku ninazokwenda, na siku nyingine inaniambia sifuri. Lakini wenye maduka wanasema mama anawaletea mifuko mingi mno. Hesabu hazikutani. Nimefungua kihesabio mara mbili, kizima kabisa. Nimewaza labda panya wanakula waya."

Mwandishi alikohoa, akasifia karakana ilivyo safi.

"Leo ndiyo unaiona hivi," alisema mhadhiri akicheka. "Tulijua unakuja. Wakubwa wa utawala wakija hapa tunasukumia stoo kila kitu kilichotushinda. Stoo imejaa."

Alhamisi ilifika. Kamati ilikuwa na watu watano, wamekaa kwenye viti vya plastiki katikati ya karakana, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mashine ya pili, pacha ya ile ya nyumbani kwa Mama Karatasi, ilikuwa imeng'arishwa. Mbele yake kiti, pembeni meza.

Mama Karatasi aliingia kwa mlango wa nyuma amebeba mkeka kwapani. Wifi yake alimfuata na bakuli la gundi, amesukwa nywele upya, ameshika mkoba uliojaa karatasi kama ngao.

"Karibu, Mama," alisema mhadhiri, akitazama mkeka. "Viti vipo, usihangaike."

"Najua, mwanangu. Naviona."

Akavua viatu vyake vya kutokea, akatandika mkeka kwenye saruji, akaketi, akanyoosha miguu. Wifi yake akaketi upande wa pili, akaweka nyayo zake kwenye nyayo za mwenzake, na wakaanza.

Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, mfuko wa kwanza ukatoka umepinda. Halafu wifi akamnong'oneza mwenzake jambo kuhusu kofia ya mmoja wa wanakamati, Mama Karatasi akabana kicheko, na kuanzia hapo karatasi zikawa zinaruka. Mifuko ikajaa nyuma ya mgongo wa wifi mpaka ikaanza kuteleza chini ya viti vya wakubwa.

Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, aliinua mkono. "Samahani. Sielewi. Hii ndiyo mashine?"

"Hapana, mama. Hii ndiyo kazi," alijibu Mama Karatasi. "Ile niliyoifanya mezani siku ile ilikuwa heshima tu."

"Na huyu ni nani?"

"Mimi ndiye wa chai," alisema wifi.

Mhadhiri alikuwa amesimama kando ya mashine yake, mkono juu ya chuma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa anayemuuguza si ndugu yake. Alimtazama wifi, akatazama bakuli, akatazama zile nyayo. Ilionekana wazi kwamba aliumia.

"Mama, miaka miwili," alisema hatimaye. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni."

"Si ningezoea?"

"Ungezoea vipi, na wewe kila ukija unapiga simu?"

Mwanakamati mmoja alisema basi mradi umeshindwa. Mwingine akasema hapana, ndiyo kwanza umeanza. Wa tatu aliuliza mia tatu ya kwenye ripoti ilitoka wapi, na hapo wote wakaongea kwa pamoja. Mwisho waliahirisha uamuzi. Mashine arobaini hazikuidhinishwa, hazikukataliwa, na makubaliano na wenye maduka yamesimamishwa kwanza. Mwandishi alimuuliza mwenyekiti hiyo maana yake nini, naye akajibu kwa uaminifu kwamba hajui.

Wakati wakubwa wakitoka, mhadhiri alivua viatu. Akapiga magoti kando ya mkeka na utepe wa kupimia, akauliza kama anaweza kupima umbali kutoka goti hadi goti. Wanawake wale wakatazamana.

"Pima," alisema wifi. "Ila usione aibu soksi zako zikionekana, zimetoboka."

Siku tatu baadaye, mashine bado iko kwenye kona, imefunikwa lile shuka la maua. Mama Karatasi hajui kama alifanya vyema. Kuna saa anajiona amemuokoa wifi yake, na kuna saa anajiona amemharibia kijana wa watu. Anasema usingizi umekuwa wa vipande vipande.

Lakini anachokitaka anakijua. Anataka mashine fupi, ya kukaliwa pande mbili, bakuli likae katikati, na isipige kelele za kuzuia mazungumzo. Mhadhiri ameahidi kujaribu, ingawa hajui fedha zitatoka wapi. Anatarajiwa kushuka mtaani wiki ijayo, siku yoyote.

"Nimemwambia asipige simu," anasema Mama Karatasi. "Aingie tu, atukute tulivyo."

Anakunja karatasi nyingine, anaisukuma, kisha anageuka kutazama chumba chake.

"Ila viti viwili nitaazima. Vikae tu hapo pembeni."

Wifi yake anaacha kupaka gundi, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Ukileta kiti humu ndani," anasema, "mimi narudi nyuma ya pazia, na safari hii chai mtapika wenyewe."

Mama Karatasi anasogeza mguu wake kidogo kwenye mkeka, akiacha nafasi ya mtu wa tatu kukaa.