Bingwa na Mpira Wake

Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji tulimwita Bingwa, na jina hilo alijipa mwenyewe. Mtu akijipa jina la sifa, ujue wenzake hawakuona sababu ya kumpa.

Kazi yake ilikuwa kupanga maandishi na picha kwenye kompyuta: lebo za biskuti, kalenda, kadi za harusi. Aliijua, sitamnyima haki yake. Ila mdomo! Sisi wa mashine alituita "wasukuma karatasi". Aliyemjibu alikuwa mmoja tu, mkata karatasi na mpaka gundi wetu, jitu la kicheko kikubwa tuliloliita Kisu.

"Mimi nikikosea, karatasi imekatika," Kisu alimwambia. "Wewe ukikosea unabonyeza kitufe unarudi nyuma. Sasa nani ana kazi hapa?"

Bingwa hakumsamehe neno hilo.

Miaka ya kusukuma kipanya kutwa ikamfanyia lake. Kifundo cha mkono kilivimba hata kufungua chupa ya soda akashindwa. Dada yake mkubwa, anayepima mimba kwa mashine hospitalini, akamhurumia na kumletea kifaa kilichobeba mpira mwekundu mgumu, mkubwa kama limau, umekaa kwenye shimo lake.

"Dada, nimekuomba dawa, umeniletea yai?"

"Weka vidole juu uuzungushe. Chombo hakiendi popote, mkono wako unatulia. Mpira ndio unaozunguka, na chini kuna kijicho kinachosoma unaelekea wapi. Mshale kwenye kioo unafuata."

"Mchezo wa watoto huu."

"Mashine yangu inao. Ndio ninaowekea alama kwenye kichwa cha mtoto tumboni, mkono wa pili nimeshika kipimio. Unatosha kupima kichwa cha mtu, utashindwa na lebo ya biskuti?"

Mwanzoni mshale ulimkimbia kama kuku aliyeponyoka, naye akautukana mpira, meza, na umeme. Vidole vikazoea, uvimbe ukapungua. Asante hakutoa. Alichofanya ni kuulisha mpira huo mafuta: mkono mmoja kwenye pakiti ya viazi vya kukaanga, mara viazi, mara mpira, hata kujifuta kwenye suruali hakuona haja.

Basi ikafika siku ya lebo za dawa ya kikohozi. Bingwa anazungusha, mshale umeganda. Anazungusha tena, unaruka mpaka pembeni na kuburuta maandishi yote. Akainuka, sauti juu:

"Nimetiliwa gundi! Na gundi humu ndani anashika nani kama si Kisu?"

"Kaka, hebu kigeuze tukiangalie kwanza," nikamwambia.

"Usiguse! Huo ni ushahidi."

Ushahidi! Bosi wetu, mama mmoja anayependa kimya kuliko haki, hakuangalia chochote. Alimwambia Kisu akakae nyumbani mpaka aitwe. Kisu alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka bila kicheko. Bingwa akarudi kwenye kipanya chake cha zamani, anagugumia kwa maumivu, amejaa ushindi.

Wiki ile ile dada yake alipita kumtazama mkono. Alipokuta kifaa kimewekwa kando kama maiti na kusimuliwa kisa cha gundi, akakigeuza, akapenyeza penseli kwenye tundu la chini, mpira ukatoka. Ndani, kwenye vile vidude vidogo vinavyoubeba, kulikuwa na uchafu wa kijivu ulioshikana kama nta. Akaunusa.

"Gundi gani hii? Haya ni mafuta ya viazi na ngozi yako mwenyewe. Huwa unaufuta?"

"Hukuniambia."

"Na kunawa mikono nako nikwambie?"

Alivisafisha kwa kitambaa kikavu, akaurudisha mpira, mshale ukateleza kama kawaida. Tuliona sote, na bosi akiwemo.

Kisu akaitwa. Bingwa akaambiwa aombe radhi mbele ya watu. Akatazama dirishani, akasema, "Aa, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ilikuwa yako," Kisu akamjibu. "Mimi nilikuwa naumwa nini?"

Bosi alimbembeleza abaki. Wapi! Alikuwa ameshapata kazi kwenye kiwanda cha maboksi, na alikuja kuchukua tu viatu vyake. Siku hizi karatasi zetu zinakatwa mshazari, na wateja wanalalamika.

Na Bingwa? Yuko palepale, mkono mzima, mdomo mzima zaidi. Juzi dada yake alimkuta akimfundisha mteja, "Kipanya ni cha wanafunzi. Huu mpira niliutafuta mwenyewe, hata hospitali wameiga." Dada alimtazama, akaomba maji, akanywa, akaenda zake.