Pokea Mfuko, Mtoto Apande na Mama Yake

Nakumbuka siku nyingi, mwanangu, lakini iko moja ambayo hata nisipoiita inakuja yenyewe. Inakuja kila nikisikia gari linanguruma huku kuna mtu bado yuko chini na mtoto.

Juzi ilikuja hapahapa kwangu. Mjukuu wangu Hepi alikuwa anapanga mfuko wa mtoto, waende Katesh kwa wakwe zake. Mfuko mzuri, una zipu na mifuko midogo pembeni. Mimi nimekaa na sindano, nashona kwenye pindo la shuka la mtoto.

"Bibi, unashona nini tena?"

"Jina."

"Jina la nini? Mtoto ana miezi mitano, atapotelea wapi? Si yuko mgongoni kwangu!" Akacheka, na mimi nikamwacha acheke. Ila wewe, mwanangu, unayejiandaa kusafiri na mtoto, kaa nikueleze.

Nilikuwa binti, sijaolewa wala sijazaa. Shule niliishia darasa la tatu, maandishi yangu ni ya kuokoteza, ila majina ya watu hayanitoki. Shangazi yangu Elizabeti alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom, nikatumwa kwenda kumpikia. Nilipanda gari Mbulu mjini asubuhi ya ukungu na manyunyu, baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Dereva alikuwa Sefania. Kondakta alikuwa Boay, mtu wa utani, meno yake ya mbele yameachana. Kwenye kiti cha nyuma kabisa walimlaza mzee Qambalo, ng'ombe dume alikuwa amempiga pembe tumboni, na wanawe wawili wamemshikilia asitikiswe. Mkubwa ndiye Paskali. Na mimi nilikaa dirishani, pembeni yangu bibi mmoja mfugaji wa Getanuwas aliyeitwa Udagwenga, bangili zimejaa mkono mzima. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Nilimwamkia shikamoo, akaniwekea mkono kichwani, basi, ndiyo marahaba yake.

Majina haya nayataja kwa sababu. Ndani ya gari lile alikuja kuwemo mtu mmoja ambaye jina lake sikulijua, na huyo ndiye alikuwa mapajani mwangu.

Tulifika Bashay, manyunyu yameshakuwa mvua. Watu walikuwa wengi barabarani, wote wanaukimbilia mlango. Akaja mama mmoja kijana chini ya dirisha langu. Mkono mmoja mtoto, mkono mwingine mfuko mkubwa wa salfeti, sufuria imefungwa kwa juu. Mwenye mgonjwa wa kulazwa unamjua kwa mzigo wake, maana hospitali unakwenda na jiko lako. Mama yule alijaribu kunyanyua mfuko ukamshinda. Akatazama juu.

"Dada, nishikie mtoto, nipandishe mzigo."

Nikanyoosha mikono. Mwanangu, hata wewe ungenyoosha. Kwetu aliyekaa humpokea aliyesimama, hakuna anayeuliza. Mtoto akapita dirishani, amefungwa shuka la buluu, wa moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Mama akazunguka kwenda mlangoni. Nikamwona mgongo.

Kule nyuma wana wa mzee Qambalo walianza kupiga kelele. "Dereva, twende! Mzee anatufia!" Boay akafunga mlango, akagonga bati, gari likaondoka. Mimi nikawa natazama kwenye msongamano wa watu, namsubiri yule mama apenye aje. Nikasema moyoni, amebanwa mlangoni. Nikasema, mzigo wake mzito, anaupanga. Tukashuka bonde, tukapanda, hakuja.

Mtoto akaanza kulia.

Mwanamume mmoja mbele yangu akageuka. "We binti, mpe ziwa mwanao, masikio yanatuuma."

"Si wangu."

"Si wako?" Vichwa vikageuka. "Wa nani?"

"Wa yule mama aliyepanda Bashay."

Boay akapaza sauti, "Mama mwenye mtoto! Njoo uchukue mtoto wako, huyu dada bado hajalipiwa mahari!" Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana hakuna aliyejitokeza. Akaita tena, safari hii bila utani. Hakuna.

"Huyu kaiba mtoto," mtu akasema huko mlangoni. Sikumwona uso, na ndiye pekee ambaye jina lake sikutaka kulijua.

Nikasimama na mtoto. "Dereva, nakuomba geuza! Mama yake amebaki!"

Kabla Sefania hajajibu, Paskali alinifokea kutoka nyuma. "Ukigeuza, baba yetu anafia humu!" Sefania hakugeuka kututazama, barabara ilikuwa tope. Alisema, "Binti, nyuma kuna mama. Mbele kuna daktari wa huyu mzee. Niambie wewe nichague nini." Nikakaa.

Ndipo mtoto alipoharisha. Maji matupu, mwanangu. Yakapita kwenye shuka, yakapita kwenye gauni langu, mpaka kwenye kiti. Nikaelewa huyu siyo wa kutembelea mgonjwa, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe. Nikatafuta nguo ya kumbadilisha. Nitaitoa wapi? Vitu vyote vya mtoto viko kwenye mfuko, na mfuko uko Bashay na mama yake. Nilikuwa na kitenge kipya nimebebeshwa cha shangazi Elizabeti, nikamfunga nacho. Akakilowesha kile kile. Nikavua kilemba changu, nacho kikaisha. Upepo unaingia kwenye kioo kilichovunjika, na mtoto amelowa.

Akanyamaza. Nikashukuru, nikadhani amelala.

Bibi Udagwenga alikuwa hajasema neno tangu Mbulu. Akamfunua mtoto, akaweka kidole juu ya utosi, akakiacha pale. Akanishika mkono, akakiweka kidole changu palepale. Kulikuwa na shimo. Utosi umebonyea kama udongo uliokanyagwa na ndama.

"Huyu kauka," akasema. "Kulia, nzuri. Kunyamaza, mbaya."

Mpaka leo kidole hiki kinalikumbuka shimo lile. Hofu niliyoipata sijaipata tena, hata kwenye uzazi wangu mwenyewe. Nilimtikisa, akafungua macho nusu, akayafunga. Nilitaka kumwita ili asiondoke, nikakuta sina jina la kumwita. Nilimwita wee, wee, kama mtu anayefukuza kuku. Nikawaza, mtoto huyu atakufa mikononi mwa mtu asiyemjua hata jina, na mama yake atakuja kuniuliza ilikuwaje, alilia vipi.

Udagwenga akatafuta mwenye ziwa ndani ya gari, hakuna. Mtu akatoa dumu la maji ya mto, yule bibi akalisukuma kwa kiwiko. "Jua moto? Hapana? Toa." Alikuwa anauliza kama yamechemshwa. Kisha Paskali, huyohuyo aliyenifokea, akapitisha mkono juu ya vichwa vya watu. Ameshika chupa ya chai. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyochemshwa ya kumkorogea baba yake uji. Tukayamimina kwenye kifuniko, tukayapoza, Udagwenga akamdondoshea mtoto midomoni, tone, anasubiri, tone. Mtoto akameza. Mimi nahesabu kumeza kwake tu, sioni njia wala miti.

Hospitali nesi alitupokea mbio. Akaniuliza huku anamfungua.

"Jina la mtoto?"

"Sijui."

"Ana miezi mingapi? Ameharisha tangu lini? Ametapika? Mmempa dawa gani nyumbani?"

Sijui, sijui, sijui, sijui. Nesi akanitazama mara moja, akaona kwamba simdanganyi, akaacha kuuliza. Wakamtundikia maji, wakanitoa nje.

Nikakaa kwenye benchi na gauni langu lile lile linanuka, Udagwenga pembeni yangu. Alikuwa na mgonjwa wake wodini lakini hakwenda. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama ambaye sura yake nimeiona mara moja tu, tena kutokea juu. Kila mlango ukifunguliwa nasimama. Udagwenga akanigeukia, akanionyesha mikono yake miwili, mmoja kama umebeba mtoto, mwingine kama umebeba mzigo. Akautikisa ule wa mzigo.

"Siku nyingine chukua hii," akasema. Kisha akautazama ule wa mtoto. "Hii, hapana. Hii kaa na mama."

Hakunifokea, lakini yaliniingia kuliko kofi.

Jua lilikuwa limeinama alipofika mama wa mtoto. Lori la mahindi lilimshusha getini. Hana viatu, miguu imepasuka, amelowa mwili mzima. Hakunisalimia, na nani angesalimia. Akanishika mabega yote mawili.

"Fabiano yuko wapi?"

Kumbe ni Fabiano. Nililia hapo ndipo, mwanangu, siyo kabla.

Alikuwa anaitwa Marselina. Alipoona mlango umefungwa alikimbia nyuma ya gari anapiga bati, mvua inapiga bati zaidi, hakuna aliyemsikia. Akatupa mfuko barabarani akimbie vizuri, kisha viatu. Daktari alipomuuliza ni dawa gani alimpa mtoto kabla ya kuja, akasema iko kwenye mfuko. Na kadi? Kwenye mfuko. Mfuko je?

"Niliutupa. Nguo zake na dawa niliviweka chini kabisa, visinyeshewe. Juu niliweka unga, maharage na sufuria."

Yaani aliupanga kwa mapenzi, uelewe. Alivificha vitu vya mtoto mahali salama kuliko pote, na ndipo vikawa mbali kuliko vyote. Na kilichomfanya ampitishe mtoto dirishani ni sufuria.

Fabiano alipona. Ana wajukuu sasa, na akija kuniona anabisha hodi akisema, "Shikamoo, mama wa dirishani." Mzee Qambalo hakupona. Yale maji yalikuwa ya uji wake. Paskali sikuwahi kumlaumu kwa kunifokea, na nakuomba na wewe ukisimulia habari hii usimlaumu.

Sasa sikia, mwanangu, uchukue ya kwenda nayo.

Ukitoka na mtoto, mizigo iwe miwili. Mkubwa ni wako, na huo unaweza kubaki barabarani bila kulia. Mdogo ni wa mtoto, uvae mwilini, mkanda upite begani mpaka kwapani, mikono yako yote iwe huru. Nguo kavu za kubadilisha ziwe juu, uzifikie hata usiku bila taa, uzifunge zisilowe. Zamani tulifunga kwa nailoni, siku hizi zimekatazwa, tumia hata kopo lenye kifuniko. Kadi ya kliniki iwemo, na dawa yoyote aliyopewa iwe na pakiti yake, maana ukiulizwa utasahau. Kofia na sweta, hata kama unashuka kwenda Hanang kwenye joto, kwa kuwa utapita kwetu kwanza. Na weka chakula chako na maji yako yaliyochemshwa. Watu hucheka wakiona mama kajiwekea kiporo kwenye mfuko wa mtoto, lakini mtoto mchanga anakula kwako. Wewe ukikauka, yeye atanyonya nini? Akiharisha usipange safari ya kesho, nenda leo, na njiani endelea kumnyonyesha.

Shona jina lake kwenye shuka analofungiwa, na jina lako, na kijiji chako. Mimi natumia uzi mwekundu. Herufi zangu zimepinda, lakini zinasomeka.

Mikono ikikushinda, acha sufuria. Utaazima. Usimtoe mtoto mkononi mwako kabla mguu wako haujakanyaga ndani, liwe basi, iwe bodaboda. Nimewaona hapa wanampakatisha mtoto dereva wa pikipiki huku mama anafunga begi nyuma.

Na siku ukiwa wewe ndiye umekaa, halafu mama akaja chini ya dirisha lako mikono imejaa, akakunyooshea mtoto, usimpokee. Ataona una roho mbaya, akuone hivyo hivyo. Mwambie, "Nipe mfuko, dada. Mtoto panda naye."

Hepi aliondoka juzi. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikasimama mpaka nilipomwona kupitia kioo cha gari amekaa, mtoto kifuani, lile shuka limegeuziwa nje na uzi mwekundu unaonekana. Nadhani alifanya hivyo ili nione.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akukaushie njia. Mtoto wako alie kwa nguvu, na kila mahali mtakapofika awepo mtu wa kumwita kwa jina lake.