Koo la Mwanangu Haliguswi

Sauti iliyonibakia ni ya chuma kikisuguliwa juu ya jiwe. Polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Niliisikia nikirudi kutoka duka la dawa, kabla sijamwona anayenoa, na nikajua papo hapo kisu kile ni cha nani.

Ficheni jina langu, ingawa watu wa mtaa wetu wa Kanamkemer watanijua, na sijali. Nina miaka ishirini na sita. Ni mwalimu, mzaliwa wa Kakuma, na tangu nijifungue nimekuwa nikiishi Lodwar kwa mama mkwe wangu. Mume wangu ni dereva Lokichar, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwanetu hajafikisha mwaka.

Alianza kwa homa na kikohozi. Nikampa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena, na kesho yake akakataa ziwa. Nilitaka twende hospitali. Mama mkwe akasema ni kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni. Imekuwa ndefu, inamkaba mtoto, lazima ikatwe.

"Sindano inaingia kwa mguu," akaniambia, "na ugonjwa iko kwa koo. Nyinyi mliosoma hamwoni hiyo?"

Majirani wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, maana ni mama mcheshi na sijawahi kumchukia. Nikaenda kununua dawa nyingine ya homa, nikiamini tutaelewana nikirudi.

Nikakuta mama wa kukata vimeo ameshafika. Mwanangu alikuwa amepakatwa na bibi yake, anahema haraka haraka, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Nikamchukua. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu nimrudishe mtoto wa nyumba yake.

Kwetu Waturkana, mwanamume asipomaliza mifugo ya mahari, watoto huhesabiwa kuwa wa baba wa mwanamke. Nikiwa chuoni niliipinga mila hiyo kwa maneno makali. Niliona aibu mtoto kuhesabiwa kwa ng'ombe. Siku ile niliishika kwa mikono miwili.

"Wa nyumba yako tangu lini, mama?" nikamuuliza. "Ng'ombe mmepeleka? Huyu bado ni wa baba yangu, na baba yangu hajaita mtu wa kisu."

Nikatoka, nikapanda boda boda.

Hospitali walimpima malaria, hakuwa nayo. Daktari akamfunua kifua, akatazama zile mbavu, akasema ni nimonia. Akalazwa, akawekewa oksijeni. Nilipomweleza habari ya kimeo, alisema kimeo hakina hatia yoyote, na kwamba mtoto anayehangaika kupumua hivyo, damu ikimwagika kooni, huenda asifike hospitali. Mwanangu alipona. Naandika neno hilo kwa wepesi, lakini waliowahi kukaa kando ya kitanda cha mtoto wanajua uzito wake.

Mume wangu alipopiga simu hakuuliza mtoto anapumuaje. Aliuliza kwa nini nimemvua mama yake nguo mbele ya majirani. Kisha akaniambia baba zake wadogo wameamua kumaliza mahari upesi.

"Tukishamaliza," akasema, "tuone kama utamtaja baba yako tena."

Ndipo nilipoelewa. Heshima ya kumaliziwa mahari, niliyoingoja tangu niolewe, ilikuwa inaletwa haraka ili homa nyingine ikija nisiwe na la kusema.

Nikampeleka mtoto Kakuma kwa wazazi wangu. Mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wenzake kwamba mahari inakuja. Baba, ambaye ukame ulimmalizia mifugo, alikuwa anatengeneza zizi, na sikuwa nimemwona akifanya kazi kwa furaha namna ile kwa muda mrefu. Nikamwomba asipokee hata mbuzi mpaka mume wangu aseme mbele ya wazee kwamba mtoto akipata homa anapelekwa hospitali, na hakuna kisu kitakachoingia kinywani mwake. Baba akanijibu kwamba yeye pia alikatwa kimeo, na yuko hai.

"Na mdogo wako, baba?" nikamuuliza. Walikatwa siku moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia tukiwa wadogo.

Akachukua fimbo yake, akarudi kwenye zizi.

Najua hapa wengi humalizia kwa kuuliza wafanye nini. Mimi siulizi. Andikeni kwamba nina kiburi, kwamba vitabu vimeniharibu, kwamba nitazeekea kwa baba. Nimeshaambiwa yote hayo, tena na watu ninaowapenda.

Mume wangu na baba zake wadogo walikuja jana na lori la mifugo. Nilisimama kwenye mlango wa zizi, mtoto mgongoni, nikamwomba mume wangu atamke maneno hayo mbele ya wazee. Akawatazama baba zake wadogo. Mmoja akacheka, akasema hajawahi kusikia mahari yenye masharti ya mwanamke. Mume wangu akainamisha uso. Nilimngojea, nikamngojea tena, asije akasema sikumpa nafasi. Mama alikuwa analia. Nikashika tawi la miiba, nikalivuta, nikaziba mlango wa zizi. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anatazama. Hakuinuka kuliondoa.