Orodha ya Nchi na Maziwa ya Ndama

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Biliqo, nimesimama mlangoni mwa zizi la ndama na karatasi mkononi, nikimfundisha mama yangu kukamua ng'ombe. Cheka tu, mwanangu, hata mimi siku hizi nacheka. Mwanamume wa Kiborana haulizi maziwa ya nyumba yamegawanywa vipi. Hilo ni la mama, kuanzia kiweleni hadi kikombeni. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na msomi wa mwaka mmoja ni mtu wa kuogopwa.

Nimelikumbuka kwa sababu yako. Jana ulikuja hapa kwangu Chechelesi, ukaniamkia vizuri, salaam aleikum Abuya, kama inavyompasa mtoto kumwita kaka wa mama yake. Kisha kabla hata turungi, chai yangu isiyo na maziwa, haijapoa ukanitolea simu. "Abuya, hebu cheki hii orodha," ukasema. "Hizi ni nchi, na hapa ni ile sehemu ya pato kila nchi inawekeza kwa mwaka. Barabara, viwanda, mashine. Wale wa Asia ona wako juu. Sasa ona sisi tuko wapi." Ukaniambia kwamba Jumatatu unapanda gari kwenda Biliqo kwa ajili ya huo utafiti wako, na utawaeleza kina mama wa kule kwamba watu wetu wanakula kesho yao.

Nilikuuliza kama unataka sukari, ukadhani uzee umenifika masikioni. Nilisikia, mwanangu. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu yote kama ulivyoyasema, na aliyeumia kwayo alikuwa mama yako.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu Nairobi. Mwalimu wetu wa uchumi alituchorea jedwali ubaoni: kushoto majina ya nchi, kulia sehemu ya pato la kila nchi ambayo hailiwi, bali inawekwa katika vitu vya kuzalisha kesho. Akatuambia kwamba zile zinazoweka sehemu kubwa ndizo zinazotangulia. Mimi nililinakili kwa wino mwekundu, nikalikunja na kulitia katika mfuko wa shati. Nikasafiri nalo kutoka Isiolo juu ya lori lililopeleka mbuzi mnadani na sasa linarudi Merti na magunia ya unga. Kutoka Merti nilikwenda kwa miguu, vumbi hadi kwenye kope, na nilijiona nimebeba dawa ya ukoo mzima.

Natamani ningeweza kukupeleka katika boma lile kama lilivyokuwa. Harufu ya chicho, kile chombo cha kusuka cha maziwa, kikifukizwa kwa kijinga cha moto. Kengele za mbao shingoni mwa ng'ombe. Mama akimwimbia Dalacha, ng'ombe wetu wa kijivu, ili ateremshe maziwa, maana Dalacha alikuwa na maringo na bila wimbo hakutoa kitu. Nimekaa mjini miaka mingi, nimelala juu ya magodoro mazuri, lakini sijawahi kuamshwa na sauti tamu kama ile.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekosekana mara mbili. Baba alikuwa mbali na fora, lile kundi la ng'ombe wasio na maziwa ambalo hufuata majani popote yalipo. Nyumbani walibaki ng'ombe watatu wa maziwa, na watu watatu: mama, Akko Talaso, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba, na dada yangu Amina, mtoto wa miaka minne. Huyo ndiye mama yako. Tangu siku niliyofika alinifuata kila mahali amevaa kiatu changu kimoja cha mjini, akikiburuta mchangani, na mimi nikitembea na kimoja.

Basi asubuhi ile nilimwona mama akikamua. Kwa desturi yetu ng'ombe ana chuchu nne, mbili za nyumba na mbili za ndama. Mama alikamua tatu. Ndama wa Dalacha aliachiwa moja, akaing'ang'ania huku mkia ukitikisika. Nikaona nimepata mfano wangu. Nikafungua karatasi, nikamsomea mama majina ya nchi, nikamweleza kwamba wanaokula sana leo hawana kesho, na kwamba sisi ni maskini kwa sababu ya chuchu ile ya tatu. Nilisema kwa sauti ya kutosha, wanawake wa nyumba ya pili wakasikia.

Mama hakunikemea. Alifuta mikono kwenye leso, akaitazama ile karatasi yenye wino mwekundu, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Kesho yake alikamua chuchu moja na kuwaachia ndama tatu.

Ndama walipendeza, usiulize. Baada ya siku chache manyoya yao yalianza kung'aa, wakawa wanarukaruka zizini. Mimi nilikuwa na daftari, kila siku naandika maendeleo ya ndama, nikijua kwamba nikirudi chuoni nitakuwa na la kusema mbele ya wenzangu. Na kila asubuhi mama aliniletea kikombe changu cha maziwa, kimejaa, kwa mikono miwili. Nilikunywa bila kukiwazia. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimekaa zaidi ya wiki, na jembe sikuligusa.

Kisha nikagundua kwamba natembea na viatu viwili. Amina alikuwa ameacha kunifuata. Siku ya kwanza alikaa kivulini mwa nyumba akichezea kokoto. Siku ya pili kokoto zilikuwa palepale na yeye amelala kando yake. Nikamwambia mama ni homa, na nikirudi Merti nitatafuta vidonge. Mama aliinamisha uso asinitazame.

Akko Talaso ndiye aliyeniita. Alikuwa mwembamba, amepinda mgongo, na anapotaka kusema jambo zito hutangulia mbele na fimbo, nawe umfuate. Alinipeleka kwanza zizini.

"Ndama wako ni wazuri," alisema.

"Ndiyo, Akko."

"Sasa njoo umwone dada yako."

Tukaingia ndani ya nyumba. Akko aliuinua mkono wa Amina akauachilia, ukaanguka juu ya ngozi kama kitambaa. Mtoto alifumbua macho, akanitambua, akayafumba. Macho yale ninayo hadi leo, mwanangu, na nikikaa na mama yako bado wakati mwingine nayaona.

"Wewe asubuhi unakunywa nini?" Akko akaniuliza.

"Maziwa."

"Na Amina?"

Sikujua. Ndama nilijua kila mmoja amenyonya kiasi gani, lakini dada yangu sikujua.

"Turungi," akasema Akko. "Majani ya chai na maji. Mama yake naye anachemsha majani hayohayo mara ya pili. Umehesabu chuchu, Galgalo, midomo hukuihesabu. Na mdomo mkubwa kuliko yote ni huo wako."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Akko hakuwa amemaliza. Aliketi, akaniamuru nitoe ile karatasi na kumsomea nchi moja baada ya nyingine. Nikasoma jina la kwanza. Akauliza: huko mvua imenyesha? Nikasema sijui. Nikasoma la pili. Wana watoto wadogo wengi au wameshakua? Sijui. La tatu: maziwa wanayowaachia ndama ni ya ng'ombe wao, au wa kuazima, ambao mwenyewe atakuja kuwachukua? La nne: na ndama wenyewe wamekuwa ng'ombe, au wamekufa tumbo likiwa limejaa? Tulikwenda hivyo hadi mwisho wa karatasi, mimi nikijibu sijui, sijui, kama mtoto wa madrasa aliyesahau sura.

"Karatasi yako inajua walichoacha," akasema. "Haijui walichokuwa nacho. Mwaka wa mvua mama yako humwachia ndama chuchu tatu, na hakuna aliyemchorea. Mwaka huu alikamua tatu ili huyu mtoto aione mvua. Wewe ukaja ukamwaibisha mbele ya majirani."

Kisha akachukua fimbo yake, akatoka mwenyewe juani hadi boma la Dida, mzee wa upande wa pili wa lugga, ule mto mkavu. Alasiri ileile mke wa Dida alitufikia akiswaga ng'ombe mwekundu na ndama wake. Hakutaka maneno mengi. Miaka ya nyuma, ng'ombe wa Dida walipokwisha kwa ukame, baba yangu alimkabidhi mtamba mmoja akamtunze, anywe maziwa yake. Hiyo ndiyo dabare yetu. Mtamba yule alizaa, akazaa tena, na huyu mwekundu alikuwa wa uzao wake. Mwanangu, hicho nacho kilikuwa kitega uchumi, na kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, lakini katika jedwali langu hakikuwa na mstari.

Amina alinyweshwa kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, mama akimpangusa midomo. Mimi nilikaa mlangoni nikiomba dua zote nilizofundishwa madrasa, na nyingine nilizozitunga. Siku ya tatu aliinuka, akatambaa hadi nilipoketi, akaanza kunivua kiatu. Nililia kama mtoto, na sioni haya kukwambia.

Nilimwomba mama msamaha. Nikamwuliza kwa nini hakunikatalia, naye alijua tangu mwanzo kwamba maziwa hayatatosha. Akasema, "Niliogopa usije ukarudi kwa wenzako ukiona aibu kwamba mama yako hajui kitu." Basi. Akaenda kumwimbia Dalacha. Akko alinichapa kwa ulimi na nikapona, lakini maneno hayo ya mama hayajanitoka. Uliwahi kuniuliza kwa nini nakunywa turungi siku zote, na maziwa yanapita hapa mlangoni kila asubuhi. Ndiyo sababu.

Nilirudi chuoni, nikasoma, nikawa mwalimu, na jedwali lile nimelifundisha kwa miaka yote niliyoshika chaki. Sikulichana. Halikuwa na uongo. Akiba haiozi, na anayemkausha ng'ombe bila kumwachia ndama kitu anajichimbia shimo. Akko mwenyewe angekwambia hivyo. Tena baadaye nilikuja kusoma kwamba hata wale wanaoandika kanuni za kuhesabu mali za nchi humtia ng'ombe wa maziwa pamoja na mashine na majengo. Nilicheka peke yangu darasani. Dalacha alikuwa mtaji siku zote, ila hakuna aliyewahi kufika Biliqo kumwandika.

Kwa hiyo linganisha, mwanangu, usiogope kulinganisha. Lakini usisafirie nyota ya mwenzio kabla hujajua yeye anakwenda wapi na alitokea wapi. Nchi inayoweka nusu ya pato lake na ile inayoweka kipande huenda zote zina akili, moja ina mvua na nyingine ina watoto wachanga. Uliza pia kile kilichowekwa kiko wapi sasa. Umewahi kuona jengo zuri limefungwa kufuli tangu lizinduliwe? Na hilo limo kwenye orodha yako, limehesabiwa; ndilo yule ndama aliyekufa ameshiba. Uliza ni mali yao au ya kuazima. Uliza ni nani aliyelala njaa ili sehemu ile ionekane kubwa, maana mara nyingi hakuwa yule aliyeandika ripoti. Na vitu kama ng'ombe mwekundu wa Dida, ambavyo havina mstari, vitafutie mstari wewe. Macho yako ni mazuri kuliko yangu, na simu unayo.

Jumatatu ukifika Biliqo watakupokea vizuri. Watakutandikia ngozi, na kabla hujafungua begi mama mwenye nyumba atakuletea kikombe, kimejaa, kwa mikono miwili, kwa sababu wewe ni mgeni na umesoma. Usikikatae, ni vibaya. Lakini kabla ya kukipeleka mdomoni tazama kandokando ya nyumba ile, umtafute ambaye hajapata. Mpe yeye kwanza. Ukishafanya hivyo toa orodha yako, nao watakusikiliza, na huenda wakakufundisha kuisoma.

Mungu akutangulie njiani, akurudishe na miguu mizima. Akupe elimu isiyomwaibisha mama wa mtu. Mvua ije kwa wakati wake, kiwele kijae, ndama ashibe na mtoto ashibe. Na ukirudi pitia Rapsu kwa mama yako, umwambie anipe chicho kimoja cha maziwa. Kila mwaka huniletea, nami huwagawia watoto wa jirani. Safari hii, ukiniambia kwamba midomo uliihesabu kwanza, nitayatia kwenye chai yangu, tunywe sote.