Kipa na Sheria Mpya

Nilimwona kipa wetu mara ya kwanza Jumamosi moja, hapa Belfast, akitoka karakana ya meli moja kwa moja hadi golini, masizi bado shingoni. Enzi hizo kipa aliruhusiwa kudaka mpira hadi katikati ya uwanja. Washambuliaji wakimgonga mabega, aliwacheka: "Gonga vizuri, mwanangu! Mama yako hakukupa viazi?"

Kisha sheria ikabadilika: nje ya boksi, kipa hashiki. Kwenye fainali, mwishoni, tukiongoza bao moja, shuti likamkuta nje ya boksi. Ile mikono mipana ikanyanyuka yenyewe. Uwanja mzima tukalia, "Mikono, mzee!" Akaificha mgongoni, akaukinga mpira kwa uso. Kombe likawa letu.

Nilimpa kitambaa changu. Akafuta damu, akaniambia, "Pua hawajaikataza bado, ndugu yangu."