Bega Lililobanwa Bila Akiba

Wanaume wa ukoo wetu huteguka mabega wakivuta nyavu za dagaa. Mimi langu liliteguka nikichomeka chandarua. Likarudishwa. Likatoka tena nikijinyoosha kitandani, halafu siku nyingine nikimpungia mkono muuza maandazi. Nilikuwa ningali kijana, wazazi wakanipeleka hospitali ya rufaa, mbali na Kigoma. Daktari akapasua kwa mbele, akaufupisha msuli na utando wa kiungo, akakaza.

"Hili halitatoka tena," aliniambia.

Alisema kweli. Halikutoka, wala halikwenda popote. Kwenye swala wenzangu wakiinua mikono hadi masikioni, wangu wa kushoto unafika, wa kulia unaishia njiani kama wa mtu anayesimamisha bajaji. Kanzu navishwa na mke wangu: "Leta mkono, bwana harusi." Hata hivyo, hapo Ujiji nilijisifu kwa kila mteja aliyekaa mbele ya cherehani yangu. Bega la chuma hili!

Mdogo wangu ni mvuvi kule Kagunga. Lake lilikuwa likitoka hata akivuta kamba ya kuwashia injini. Mwaka juzi naye alipasuliwa, na baada ya miezi akarudi ziwani. Mwaka huu alipoitwa kuangaliwa, mke wangu, aliyechoka kuniona barazani, aliniamuru nimsindikize.

Daktari alikuwa yule yule, sasa nywele nyeupe. Alipomaliza na mdogo wangu, akaniona ninavyoishika kofia. Akanigeuza mkono, ukagoma.

"Nani alikufanyia hii?"

"Wewe, daktari."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaeleza kwamba ile ya kukaza waliiacha zamani. Siku hizi huingiza kamera kwa matundu madogo na kushona utando pale ulipochanika. Ukingo wa mfupa ukiwa umelika, kama wa mdogo wangu, wanahamishia hapo kipande cha mfupa na kukifunga kwa skrubu. "Na hiyo nayo si mpya," alisema. "Wengi tulikuwa tumeiacha, ikarudi."

Hapo nilimwelewa. Suruali pana nazo nimezipunguza, nikazisahau, wateja wakazirudia. Lakini fundi akibana nguo huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, mwenyewe akinenepa ifumuliwe.

"Yangu haifumuki?"

Alinipiga eksirei, akaitazama sana. "Kiungo kimeshasagika. Mazoezi yatakusaidia kidogo tu. Mapema huenda tungelegeza." Akamgeukia mdogo wangu. "Kumbe kaka yako ndiye huyu? Uliponisimulia bega lake, si nilikwambia umlete, kabla hata sijakupasua?"

Mdogo wangu akawa anafunga vifungo vya shati, na vilikuwa vimeshafungwa vyote.

Nje nikamuuliza, "Ulijua?"

"Kaka, wewe kwenda sokoni Mwanga tu unaaga kama unahamia Kongo. Ningekufikishaje huku?"

Nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

"Sema ukweli."

Akatazama chini. "Mama alikuwa hataki nipasuliwe. Nilimwambia, mtazame kaka, lake halijatoka tena. Ndiyo akakubali. Angesikia kwamba lako limeharibika, angenizuia."

"Na ulipokwisha kupona?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Miaka miwili anatafuta pa kuanzia, na kila akija mjini ananisikiliza nikiwahubiria wateja bega la chuma. Kuna siku alinisaidia hata kulisifu: "Muulizeni kaka!" Alisema hivyo mbele ya watu, huku ananitazama usoni.

Mazoezi yenyewe ni ya fimbo. Unaishika kwa mikono miwili, mwingine anaisukuma polepole kukugeuzia mkono nje, na inauma kweli. Mdogo wangu amejitolea mara nyingi. "Kaka, mimi nina nguvu za ziwani, shemeji atachoka."

Akija na samaki wake wa migebuka namkaribisha, tunakula sahani moja, ananitania, namjibu. Ila fimbo anaisukuma mke wangu.